Wachimbaji wa Saa Tisa

Kituo cha msituni, Jumapili, baada ya sala yangu ya peke yangu

Moyo, Mama.

Naanza na hilo neno la nyumbani kwa sababu huku halina wa kuliitikia. Watu wa huku wakikutana asubuhi wanasema "mbote". Ni salamu nzuri, siikatai, na mimi pia naisema. Lakini huu ni mwezi wa nane sijasikia mtu akisema "moyo" na mwingine akajibu "eyo, moyo". Wiki iliyopita lilinitoka mdomoni mbele ya shefu, mkuu wa walinzi wa hifadhi, ambaye Kiswahili anajua lakini Kiluba hajui, akaniuliza kama moyo unaniuma na kama nataka dawa. Nikamwambia hapana, shefu, nilikuwa nakusalimia tu. Akacheka. Mimi sikucheka sana.

Goti lako linaendeleaje? Na presha? Kapinga alisema siku hizi unapanda mpaka kanisani bila kupumzika njiani, lakini Kapinga anapenda kutoa habari tamu kwanza na chungu mwishoni, kwa hiyo mimi humsikiliza mpaka mwisho. Kapinga, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma hapa. Soma polepole, na usiruke mahali ninapokusema vibaya. Mama, simu huitaki; ulishasema sauti isiyo na uso ni ya marehemu au ya tapeli. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono, nikapiga picha kila ukurasa na kumtumia Kapinga kwa mtandao wa hapa kituoni, ambao unafanya kazi jua likiwaka tu. Karatasi zenyewe utazipata, uziweke ndani ya Biblia pamoja na zile nyingine. Zitakufikiaje, nitasema huko mbele.

Uliuliza ni mbali kiasi gani. Ukitoka Kolwezi ukafika Lubumbashi kwa basi, ukaruka mpaka Kinshasa, ukaruka tena mpaka Mbandaka, hapo bado hujafika popote. Ndipo unapanda mashua kubwa ya mbao, watu na mbuzi na magunia pamoja, siku nne juu ya mto. Kisha unaingia mto mwingine, mwembamba, maji yake meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni, na huko ni mtumbwi wenye mota siku mbili nzima. Miti inainama kutoka pande zote mbili, unapita chini yake kama mtu anayepita chini ya nguo zilizoanikwa. Sisi tumezoea kuona lori likiwa bado mbali, kwa vumbi lake. Huku huoni mbali. Hata mbingu unaiona vipande vipande. Wiki ya kwanza nilikuwa nikitoka nje ya hema na kutafuta tu mahali pa kuangalia.

Kazi ni ile ile niliyofanya mgodini: nashika fimbo ya vipimo, mpima ardhi anachungulia kwenye chombo chake, naandika namba. Tofauti ni kwamba kule tulipima shimo, huku tunapima njia, ili watafiti na wageni wachache waweze kutembea ndani ya hifadhi bila kupotea. Watu hawana ubaya. Ila bukari, ugali wetu wa mahindi, hakuna, Mama. Kuna kwanga: muhogo uliovundikwa, ukapondwa, ukafungwa ndani ya majani. Asubuhi kwanga, jioni kwanga. Sombe, majani ya muhogo, wanaiita pondu na wanaipika na mawese mengi mpaka inang'aa. Tumbo linashiba, lakini nikinawa mikono kabla ya kula, vidole vinangojea bukari ya moto, na haiji.

Jumapili ndiyo siku mbaya. Naimba sehemu yangu ya alto, hapa chini ya turubai, na alto bila soprano wala besi si wimbo, ni mtu anayejibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Leo niliimba beti mbili, nikaacha. Nina upweke, Mama. Nimeandika barua tano kabla ya hii na zote zilisema sijambo, kazi nzuri, Mungu yupo. Mungu yupo kweli. Hayo mengine nilikuwa nakudanganya.

Sasa nifike penyewe. Wiki tatu zilizopita ziliingia kwenye simu yangu sauti sita alizorekodi Kapinga, kwa mpigo. Ya kwanza ilikuwa ya harusi ya jirani, ya pili ya nguo alizovaa kwenye hiyo harusi, na ya tatu pia ya nguo. Ya sita ndiyo hii, ananiita yaya, dada mkubwa, nimeisikiliza mpaka naijua kwa kichwa:

"Yaya, ule ufa ya mu chumba ya Mama iko naendelea. Mwezi ilipita ilikuwa naingiza kidole. Sasa mukono yangu yote inaingia. Bale ba jirani beko nachimba tena kwa chini, asubui tunasikia nyundo. Nilimuambia Mama akuje ku kwangu. Anakatala. Anasema, 'Mi nikitoka humu, nani atamupatia Tata Ngalula moyo asubui?' Yaya, wewe njo mukubwa. Sema kintu."

Nilimwandikia kwamba mtandao ni mbaya, nitamjibu. Mtandao haukuwa mbaya, Kapinga. Nisamehe.

Mama, sikukumbushi, maana unajua kuliko mimi. Shimo lililomchukua Tata, baba yetu, alilianza mwenyewe, pale chumbani kwenu, wakati mtaa wetu mzima wa Kasulo ulikuwa unachimba madini chini ya vitanda. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha, akaingia asubuhi, na udongo ukashuka. Majirani walichimba siku tatu kumtafuta, mpaka maji yakapanda, wakakaa chini kando ya shimo. Mchungaji akaomba pale kwenye mdomo wa shimo. Wewe ukalijaza mchanga, ukamwaga saruji, ukarudisha kitanda chako juu. Na tangu hapo kila asubuhi unageuza ufagio, unagonga sakafu mara mbili kwa mpini na kusema: "Moyo, Tata Ngalula. Kumekucha." Unasubiri kidogo. Halafu unafagia.

Nikuambie jambo ambalo hulijui. Kitanda changu kilikuwa nyuma ya ukuta ule ule wenye ufa. Kila asubuhi niliusikia ule mpini, nikafunika kichwa kwa mto na kuziba masikio. Ulikuwa ukiniambia, "Ngalula, unalala kama gogo." Sikuwa nimelala hata siku moja.

Sasa nikusimulie jinsi nilivyojiaibisha hapa, kwa sababu bila aibu hiyo nisingekuwa nimeshika kalamu leo.

Kuna mahali mbali ndani ya hifadhi, uwanda mdogo katikati ya msitu, ambapo njia yetu inapaswa kuishia. Mpima ardhi alikuwa amelala na malaria, kwa hiyo nilipewa kifaa cha vipimo nikaambiwa nikachukue namba za mwisho mwenyewe. Tulikwenda watu watano: mimi, shefu wa walinzi, walinzi wawili wa huku huku, na Papa Ifaso, mzee mwenye kutuonyesha njia, ambaye amezaliwa kando ya mto huu na anatembea msituni kama wewe unavyotembea sokoni, huku akisalimia. Siku moja kwa mtumbwi, na mbili kwa miguu.

Njia yenyewe, Mama, ukiisikia hivyo usifikirie njia. Mara ni mizizi, unaruka. Mara ni maji mpaka kiunoni, unabeba viatu kichwani na kumwomba Mungu usikanyage kitu chenye meno. Kuna nyuki wadogo mno wasiouma. Wanakunywa jasho tu, machoni, puani, masikioni, kundi zima. Nilijifunga kitambaa chako cha maua usoni na bado waliingia. Mvua ikikoma juu, chini ya miti inaendelea kunyesha nusu saa nyingine. Nilikuwa nahesabu hatua kwa Kiswahili kwa sauti, moja mpaka mia, moja mpaka mia, ili nisikie tu lugha.

Siku ya tatu asubuhi mwiba ulimwingia Papa Ifaso kisiginoni. Akakaa chini, akatoa kisu, akatuambia tutangulie. Tufuate njia pana, isingetupoteza. Kweli ilikuwa pana. Na hapo ndipo akili yangu ya Kasulo ilipoanza kunichezea. Njia pana hivyo, imekanyagwa hivyo, katikati ya msitu usio na kijiji? Mbele kidogo njia nyingine pana ikaungana nayo, kisha nyingine. Halafu miti ikakoma.

Unakumbuka Tata alivyotufundisha, mimi na Kapinga, tulipokuwa tunakwenda naye vilimani? "Miti ikikatala fasi, batoto, muulize udongo." Mahali ambapo miti imekataa kuota kuna kitu chini. Sasa niko hapo, msitu umesimama pande zote kama ukuta, na katikati kuna uwanda mtupu wa majani mafupi na tope la kijivu, bila kisiki hata kimoja. Na ndani ya tope, mashimo. Siyo mashimo ya kubahatisha. Yana kina kuliko urefu wangu, kuta zake zimekwanguliwa upya, na mawili yameingia kwa ubavu chini ya ukingo, vile vile wanavyofanya wachimbaji wanapofuata mshipa wa madini. Pembeni udongo umetupwa, bado mbichi. Nikamshika shefu mkono.

"Shefu, simama. Hapa kuna batu."

"Batu gani, mademoiselle?"

"Bacreuseur, bale ba kuchimba. Angalia ile shimo. Ni equipe kubwa ya batu, na banachimba leo leo asubui."

"Bacreuseur humu? Mu park? Uko na hakika?"

"Shefu, mi ni mutoto ya Kasulo. Shimo ya creuseur mi naijua kuliko sahani yangu."

Sasa shefu huyu, Mama, ni mtu wa savana kwetu Katanga, amehamishiwa huku hana mwezi. Swala anawajua, nyati anawajua. Msitu huu anaujua kama ninavyoujua mimi. Aliniamini. Mlinzi mmoja wa huku alifungua mdomo, akamtazama mwenzake, akaufunga. Shefu ni shefu. Tukalala kifudifudi nyuma ya mzizi mkubwa, bunduki mbele, mimi nikinong'ona maelekezo kama jenerali: kwamba mlinzi wao atakuwa amekaa upande ule, kwamba magunia watakuwa wameyaficha penye kivuli, kwamba wenye nyundo watatoka wa mwisho. Tope likaingia mpaka kwenye sidiria. Saa nne ikapita, saa sita, saa saba. Wale nyuki walifanya karamu juu yetu.

Papa Ifaso akafika akichechemea, akatukuta hapo. Alitutazama mmoja mmoja. Akauliza kwa Lingala tunamngoja nani. Shefu akamwambia kwa ukali anyamaze, tunangoja wachimbaji.

"Ah," akasema Papa Ifaso. Akakaa juu ya gogo, akafungua kwanga yake. "Wachimbaji. Wale wanakuja saa tisa. Huwa wanakuja na mama yao."

Akala. Mzee yule ana ubaya wake, nakuambia.

Saa tisa msitu wa ng'ambo ulitikisika bila upepo, na wakatoka. Tembo, Mama. Kwanza jike mzee mwenye sikio lililochanika, nyuma yake wengine wanne, na mtoto mmoja katikati ya miguu yao. Si wakubwa kama wale wa kwenye picha. Tembo wa huku ni wafupi, meno yao yamenyooka kuelekea chini. Wakaenda moja kwa moja kwenye mashimo, wakapiga magoti, wakaingiza mkonga mzima, wakaanza kukwangua na kutupa udongo pembeni, kukwangua na kutupa, kila mmoja kwenye shimo lake. Wanatafuta chumvi iliyo chini, Papa Ifaso alisema, wanaila pamoja na tope. Babu zao walichimba hapa hapa. Ndiyo maana miti haioti.

Shefu alicheka mpaka kofia ikamtoka. Alikuwa akijizuia kwa kiganja, machozi yanatiririka. "Mademoiselle," akaninong'oneza, "enda ubaulize makarata yabo ya ruhusa." Wale walinzi wawili walikuwa wameuma mikono ya mashati. Tangu siku ile jina langu kituoni ni Mama Creuseur, na hata mpishi ananiita hivyo. Nilicheka na mimi. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kweli tangu nifike huku, na nilitaka uwepo uone.

Lakini yule jike mzee hakuwa ameanza kuchimba. Shimo kubwa kuliko yote, lile la katikati, Papa Ifaso alisema ni lake. Miaka mingi amekuwa akilichimba na hakuna anayethubutu kumwingilia. Alisimama ukingoni. Kulikuwa na ufa pale, nilikuwa nimeuona asubuhi nikafikiri, hawa watu watakufa. Akaweka mguu wa mbele juu ya ukingo, akaugonga. Akasubiri. Akaugonga tena.

Mara mbili, Mama. Kama mpini wako.

Yule mtoto akataka kupita kushuka shimoni, amezoea. Jike akamzuia kwa mkonga, akamrudisha nyuma kwa nguvu mpaka akakaa kwenye tope. Halafu akageuka, akaliacha shimo lake, shimo la maisha yake yote, akaenda kwenye tope la pembeni ambako hakuna kitu, akaanza kuchimba upya kama mgeni. Ukingo haukuanguka tulipokuwa pale. Hakungoja uanguke.

Nikalia. Sikulia siku ya msiba, unajua, watu walinisema. Nililia pale mbele ya wanaume wanne wenye tope, na shefu akaacha kucheka. Papa Ifaso akaja kukaa karibu, akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamweleza yote kwa Lingala langu bovu: shimo, Tata, ufagio, ufa unaoingiza mkono. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanipa pole. Aliuliza swali moja tu.

"Kwenu, mtu asipopatikana mwili, nani anachukua udongo wake?"

Nikasema, mtoto wa kwanza.

"Na mtoto wa kwanza ni nani?"

Nikasema, mimi.

"Basi mama yako hakatai kutoka," akasema. "Anakungoja wewe. Unafanya nini huku kwetu?"

Mama, siku ya kuvua nguo za msiba, shangazi alituketisha wote sebuleni. Alisema mtu ambaye mwili wake haukuonekana, udongo wa pale alipolala ndio mwili wake. Mtoto wake wa kwanza anauchukua kwa mikono miwili, unafungwa katika shati alilozoea kuvaa, unapelekwa makaburini, unazikwa kama mtu, na nyumba inakuwa nyumba tena. Jioni ile, tunaosha vyombo, uliniambia kwa sauti ndogo: "Ngalula, mi niko nakungoja. Siku utakuwa tayari." Uliniambia mara moja tu. Mimi nikafanya kama maji ya bomba yamefunika maneno yako. Uliona kwamba nimesikia, nami niliona kwamba umeona, na mwezi haukuisha nikapata kazi hii ya mbali kuliko kazi zote. Watu wakasema Ngalula ni jasiri, anakwenda msituni peke yake. Nilikimbia sauti ya ufagio.

Niliogopa kwamba nikichukua ule udongo atakuwa amekufa kweli. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine. Na kwa sababu ya woga wangu, wewe umelala miezi hii yote juu ya mashimo ya watu, karibu na ukuta unaofunguka. Ningekupoteza wewe pia ili nisimzike yeye. Nimeandika sentensi hiyo, nimeitazama, siifuti.

Watu wa pwani wana msemo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi Kasulo tumeziba ufa mpaka saruji imekwisha dukani, na ukuta unakwenda vile vile. Usiuzibe tena. Kapinga, usimruhusu fundi yeyote aingie na mwiko wake. Ufa ule si wa kuzibwa, ni wa kukimbiwa.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Mtumbwi unaondoka Alhamisi, na karatasi hizi zitakuwa ndani ya mfuko wangu; ndivyo zitakavyokufikia. Mto ukiwa na huruma na ndege zikiwa na adabu, baada ya wiki mbili niko kwenu. Papa Ifaso amenipa asali ndani ya chupa ya mafuta, imefungwa kwa jani, nikuletee. Anasema ni kwa ajili ya mama anayejua kungoja.

Sasa sikiliza ninavyokuomba, na kama ni amri pia sawa, maana Kapinga amesema mimi ndiye mkubwa. Usiningoje ndani ya nyumba hiyo. Shati la Tata la mistari, lile la Jumapili, litoe sandukuni ukae nalo. Kesho asubuhi geuza ufagio wako kama kawaida. Gonga mara mbili. Mpe salamu yake, kisha mwambie: Tata Ngalula, mtoto wako anakuja kukutoa, safari hii haendi popote. Subiri kidogo kama unavyosubiri. Halafu usifagie. Uache ufagio pale pale mlangoni, mshike Kapinga mkono, nendeni kwake. Udongo nitauchukua mimi, na sitaingia chumbani. Nitauchimba nje, chini ya dirisha, ni udongo ule ule. Shangazi akisema hautoshi, mwambie Tata hakuwa mtu wa makuu.

Nisalimie shangazi, dada wa Tata, na umwambie somo lake la udongo lilifika, limechelewa tu. Msalimie shemeji, mume wa Kapinga, ambaye naomba akupishe chumba cha mbele bila kununa, kwa kuwa wewe unapenda jua la asubuhi. Mjomba fundi cherehani mwambie suruali aliyonishonea imevumilia mto kuliko mimi. Mama kiongozi wa kwaya aniwekee nafasi kwa alto, nimechoka kuimba peke yangu. Na mwalimu wa katekisimu, anayekuombea kila Jumatano, mwambie nimekuwa nikihitaji na mimi.

Mkono umechoka, na wino pia. Kapinga, hapa chini soma kwa sauti, Mama akiwa amesimama karibu nawe.

Moyo, Mama. Lakini usiniitikie ukiwa ndani ya nyumba hiyo. Niitikie ukiwa umeshafika kwa Kapinga.

Mimi mtoto wenu wa kwanza,
Ngalula